Maintern wangu hawajui kutumia inhela, niwafundisheje?

Swali: Shikamoo dokta. Nasimamia maintern (madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo) wadi ya medicine, hospitali ya mkoa. Juzi nilimwambia mmoja amwonyeshe mgonjwa wa pumu namna ya kutumia inhela kabla hajaruhusiwa, akamwambia "unabonyeza afu unavuta", basi, akasaini faili. Nikawauliza wenzake, majibu yale yale. Nina saa moja tu kwa wiki ya kuwafundisha, inhela za mazoezi hatuna, spesa (kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo wa mgonjwa) ni moja na iko wadi ya watoto. Na nikwambie ukweli, bosi wetu mwenyewe akionyesha anakosea. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba dokta. Usiwakasirikie sana hao vijana, hili tatizo ni la zamani. Inhela ya kubonyeza iliingia sokoni Marekani mwaka 1956, na tangu miaka ya 70 watafiti wanahesabu makosa ya watumiaji. Mwaka 2016 ukatoka uchambuzi uliokusanya tafiti za miaka 40, kuanzia 1975 mpaka 2014, wakakuta wagonjwa wanaotumia inhela sawasawa ni kama 31 kwa kila 100 na muda wote huo hakuna maendeleo yoyote. Hao ni wagonjwa. Sasa sikia yetu sisi: 2018 ukatoka uchambuzi mwingine wa watoa huduma, madaktari, manesi, wafamasia, tafiti 55, watu zaidi ya 6,000, na waliofanya hatua zote vizuri ni 15.5%. Afu ukigawanya kwa vipindi, ule wa mpaka 1995 ilikuwa 20.5%, baada ya hapo ikashuka mpaka 10.8%. Yaani tunarudi nyuma. Mi nadhani sababu moja ni kwamba aina za inhela zimeongezeka na kila moja ina mtindo wake, na daktari anaandika jina la dawa kwenye karatasi bila kuwahi kukishika hicho kifaa mkononi.

Intern wako hana pumu, hiyo inhela hataivuta kila siku, kwa hiyo ukimfundisha kuitumia tu atasahau. Unachotaka kumpa ni jicho, amtazame mtu anavuta dawa kwa sekunde kumi na tano na aone imepotelea wapi. Kuitumia mwenyewe kwa mkono wake ni lazima, maana usichowahi kufanya huwezi kukiona kwa mwingine, ila hiyo ni njia tu ya kufika kwenye kutazama. Ukilishika hili saa yako moja itakutosha.

Kwa hiyo slaidi weka pembeni kabisa. Siku ya kwanza usianze na maneno. Mpe kila mmoja inhela, mwambie "mi ni mgonjwa wako, nionyeshe", na mwingine ashike simu amrekodi. Usimkosoe. Wakimaliza wote, wape video zao wajitazame, utaona wenyewe wanaanza kucheka, huyu hakutikisa, yule kabonyeza kwanza ndo akakumbuka kuvuta, mwingine kabonyeza mbili ndani ya pumzi moja, na kuna mmoja lazima atainamisha kichwa kama anakunywa maji ya bomba. Hakuna mhadhara utakaowafundisha zaidi ya hizo dakika kumi. Ila mkubaliane kabisa kwamba video zinafutwa hapo hapo, zisije zikazunguka kwenye grupu.

Baada ya hapo onyesha wewe mara mbili, mara ya kwanza kimya kimya bila neno hata moja, waangalie tu mikono na mdomo, mara ya pili kwa maneno. Inhela ya kubonyeza inaenda hivi: toa kifuniko, chungulia ndani ya mdomo wake (inhela inakaa kwenye mkoba na sarafu na takataka za mfukoni, na hivyo vitu vimeshawahi kuvutwa vikaingia kwenye njia ya hewa), tikisa, pumua nje taratibu mpaka uishiwe, weka mdomo wa inhela katikati ya meno siyo mbele ya meno, funga midomo vizuri, kidevu kiinuke kidogo, anza kuvuta taratibu na hapo hapo ndo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta taratibu sekunde tatu mpaka tano, itoe, bana pumzi mpaka kama sekunde kumi au kadiri mtu anavyoweza. Kama ni mipulizo miwili subiri nusu dakika mpaka dakika, tikisa tena, anza upya. Na ikiwa mpya, au imekaa siku nyingi haijatumika, ipulize hewani kwanza kama karatasi yake inavyosema, la sivyo mpulizo wa kwanza unaweza kuwa na dawa pungufu.

Sasa hapo penye "anza kuvuta na hapo hapo bonyeza" ndo pa kukaa. Ule uchambuzi wa 2016 ulikuta makosa matatu yanaongoza na yote yanakaribiana, kutopatanisha mkono na pumzi, kuvuta kwa kasi au kina kisicho sahihi, na kutobana pumzi, kila moja karibu nusu ya watu wanalifanya. Kwa nini kuvuta taratibu? Kwa sababu dawa inatoka kwenye kikopo kwa kasi kubwa sana, ukiivuta kwa nguvu matone yanaenda moja kwa moja yakagonga nyuma ya koo yakabaki hapo, hata mtu anayeifanya vizuri sehemu kubwa ya dawa bado inaishia kooni, sembuse anayekosea. Waonyeshe kwa macho, bonyeza moja hewani mbele ya ukuta wenye rangi nyeusi au dirishani penye mwanga waone lile wingu na spidi yake. Afu waambie: ukimtazama mgonjwa ukaona wingu jeupe linatoka puani, au pembeni mwa midomo, au linapanda juu ya inhela, dawa hiyo imeliwa na hewa. Hiyo dalili moja intern akiijua anakamata makosa mengi sana bila kushika karatasi yoyote.

Kisha wagawe wawili wawili. Mmoja anakuwa mgonjwa, wewe unamnong'oneza sikioni kosa moja la kufanya, mfano "ulimi uzibe" au "vuta kwa pua" au "usipumue nje kwanza", mwenzake akae mbele yake atafute. Anayetafuta haruhusiwi kusema "umekosea", aseme nini hasa kimekosewa na amwonyeshe tena, afu yule mgonjwa wa kuigiza arudie mpaka apatie. Hapa usiwe na haraka. Kuna wenzetu Chicago wanafundisha wagonjwa waliolazwa kwa mtindo huo huo, onyesha, mwache afanye, rekebisha, afanye tena, mzunguko hausimami mpaka apatie. Tofauti yake na tunachofanya sisi ni ndogo lakini ndo kila kitu, sisi tunaonyesha tunauliza "umeelewa?", mgonjwa anasema ndiyo dokta. Mgonjwa gani wa Kitanzania atakwambia sijaelewa dokta? Kwa hiyo hilo swali lipige marufuku wadini kwako, badala yake wawe wanasema "hebu nionyeshe".

Vifaa. Ongea na wale marepu wa makampuni ya dawa wanaopita hospitali, inhela za mazoezi zisizo na dawa wanazo, wengi hawaombwi tu. Afu mwambie sista wa wadi na watu wa famasi wasitupe inhela zilizoisha. Kikopo kilichoisha kinafundisha mkao wa mkono na mpangilio wa hatua, kinaweza kisikupe lile wingu lakini kwa kuanzia kinatosha. Usitumie inhela yenye dawa kwa mazoezi ya kuvuta, kijana akivuta salbutamol, ile dawa ya kufungua njia ya hewa, mara kumi mfululizo mikono itatetemeka na moyo utamwenda mbio, na dawa yenyewe ni ya mgonjwa. Na tafadhali mdomo wa inhela usizunguke, kila mtu awe na wake, huku kwetu kuna TB na tumetoka kwenye korona, kile kiplastiki kinatoka, kinaoshwa kwa sabuni na maji, kinakaushwa, kiandikwe jina.

Spesa wala isikuumize kichwa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa watoto waliokuja na shambulio la pumu, wakalinganisha spesa ya dukani na chupa ya plastiki ya nusu lita, yaani chupa ya kawaida ya soda. Chupa iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingilia ilifungua mapafu sawa na ya dukani, ambayo haikuzibwa ikawa katikati, na kikombe cha yale maplastiki mepesi meupe ndo kikawa cha mwisho. Kwa hiyo uzibaji ndo siri. Chukua waya, ukunje ufuate umbo la mdomo wa inhela, uchome moto, utoboe nao kitako cha chupa, inhela iingie kwa kubana hapo hapo plastiki ikiwa bado ya moto, pembeni ziba kwa gundi. Mgonjwa anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa. Kabla ya kuitumia ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ijikaushe yenyewe, usiifute kwa kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa inapata umeme tuli na dawa inang'ang'ania ukutani mwa chupa badala ya kwenda kwa mgonjwa. Hata spesa ya dukani inatunzwa hivyo hivyo. Mwache kila intern atengeneze ya kwake, siku hiyo hutasikia mtu anasinzia.

Kwenye spesa kosa la maintern wengi ni kupuliza mara nne kwa mkupuo ndani halafu mtoto ndo aanze kupumua. Hapana, bonyeza moja, mtoto apumue kawaida mara tano au sita, tikisa, bonyeza nyingine. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo anahitaji maski inayobana usoni, ikiwa na upenyo tu umefanya kazi bure.

Sasa nikuguse penye kidonda. Unajua kwa nini maintern hawajui inhela? Kwa sababu wadini kwetu hakuna anayeitumia. Mgonjwa akifika anabanwa, moja kwa moja nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta), nebulaiza, sindano za hydrocortisone, aminophylline hata pasipohitajika, siku ya tatu anapumua vizuri, anaruhusiwa na inhela ambayo hakuna mtu hospitali nzima amemwona nayo mkononi. Intern ataijulia wapi? Na tafiti zimeshaonyesha muda mrefu kwamba kwa shambulio lisilotishia maisha inhela na spesa inafanya kazi sawa na nebulaiza, na watoto hata wanakaa muda mfupi zaidi mapokezi ya dharura. Mwongozo wa GINA, ule wa kimataifa wa pumu, unasema mipulizo 4 mpaka 10 kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza. Ukibadilisha hilo tu, mgonjwa wa shambulio la kawaida atibiwe kwa inhela na spesa na intern awe ndo anayesimamia, kufikia siku ya kuruhusiwa mgonjwa keshafanya mazoezi mara nyingi na intern naye keshatazama mara nyingi. Na umeme ukikatika hamkimbii jenereta. Aliyezidiwa sana, hawezi kumaliza sentensi, oksijeni imeshuka, anaanza kuchanganyikiwa, huyo usimfanyie majaribio, nebulaiza na oksijeni viendelee.

Inhela za unga wafundishe siku nyingine kabisa, usichanganye. Kule kila kitu kinageuka: hutikisi, na unavuta kwa nguvu na kwa haraka toka mwanzo, kwa sababu hakuna gesi ya kusukuma dawa, pumzi ya mgonjwa ndo injini. Ndo maana mgonjwa mwenye ya kubonyeza asubuhi na ya unga jioni anachanganya mitindo, na ukiweza mpe aina moja kwa dawa zote. Ile Turbuhaler, inhela ya unga ya kuzungusha kitako, lazima isimame wima wakati wa kuizungusha, ukiilaza kipimo kinapungua. Kupumulia ndani yake ni kosa kubwa, unyevunyevu unagandisha unga, kwa hiyo pumua nje ukiwa umeitoa mdomoni. Wengine hawasikii ladha wanadhani haijatoka kitu wanazungusha tena na tena. Na zile za kapsuli kuna watu wanazimeza! Hilo limeripotiwa mpaka nchi zilizoendelea, mtu anapewa kapsuli na kifaa, anameza kapsuli, kifaa anakiweka kabatini. Mwambie intern asikilize, kapsuli ikitobolewa na kuvutwa vizuri inatoa mlio wa kuzungukazunguka, hakuna mlio basi pumzi haikutosha au haikutobolewa.

Kuna vitu vidogo ambavyo vitabuni vimepewa mstari mmoja lakini mgonjwa anavijua kuliko daktari. Inhela isiyo na kihesabio inaendelea kutoa gesi hata dawa ikiisha, kwa hiyo mtu anapuliza hewa tupu wiki mbili akijiona anajitibu. Kuitikisa usikie au kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea siyo kipimo, watu wanafanya sana hivyo. Kinachotoa jibu ni hesabu: kikopo kina mipulizo 200, anatumia minne kwa siku, siku ya 50 kimeisha, andika hiyo tarehe kwa maka pen kwenye kikopo. Baada ya inhela ya steroidi, yaani dawa ya kinga inayotuliza uvimbe kwenye njia ya hewa, asukutue mdomo na koo ateme, la sivyo fangasi wa mdomoni na sauti kukwaruza, akipata hivyo ataiacha na hatakwambia. Ramadhani nayo uiulizie mapema, masheikh wana kauli tofauti kuhusu inhela ya mchana na hiyo siyo kazi yangu wala yako kuamua, ila dawa ya kinga ya mara mbili kwa siku inakaa vizuri kabisa wakati wa futari na daku, na intern amwambie hivyo kabla mgonjwa hajaamua mwenyewe kuacha mwezi mzima. Akibanwa mchana ni dharura, atumie ya kufungua.

Pia wasikilize wanavyoongea na wagonjwa. Utashangaa intern mwenyewe anaamini inhela ni ya waliozidiwa, au ukianza huachi, mawazo hayo kayatoa nyumbani na chuo hakikuyafuta. Mwonyeshe hesabu: kidonge cha salbutamol ni miligramu 4, mpulizo mmoja ni mikrogramu 100, yaani kidonge kimoja ni sawa na mipulizo 40, na kinapita damuni kwanza ndo kifike kwenye mapafu. Sasa ipi kali? Na hapo hapo mkumbushe kwamba kumfundisha mtu vizuri inhela ya bluu, yaani ya salbutamol, peke yake haitoshi, tangu 2019 GINA imeacha kushauri salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana wakubwa, lazima dawa ya kuvuta ya steroidi iwepo. Najua bei yake na najua haipatikani kila mahali, ila hiyo aijue, aiandike, aipiganie.

Kuhusu kusahau, watasahau, hilo jiandae. GINA wanasema mgonjwa aliyefundishwa anaanza kuharibu ndani ya wiki nne mpaka sita, na daktari naye ni mtu. Kwa hiyo saa yako moja igawe, dakika arobaini sasa, afu zilizobaki zitawanye kwenye raundi kwa miezi inayofuata, kila ukifika kitanda cha mgonjwa wa pumu mwambie intern "tazama anavyovuta, niambie umeona nini". Kumfundisha mgonjwa mmoja ni dakika mbili au tatu tu, kisingizio cha muda hakipo. Kwenye faili futa kabisa ile "amefundishwa inhela", waandike kosa walilolikuta na kama limerekebishika, mfano "alivuta haraka, amerudia mara tatu, sasa sawa". Intern ambaye kila mara anaandika hakuna kosa, huyo hatazami, rudi naye kitandani. Na mwisho wa rotesheni waweke kwenye tathmini yao ya vitendo, hawa vijana wanasoma kinachotoka kwenye mtihani, na sisi tulikuwa hivyo hivyo.

Bosi wako sasa. Usimkosoe mbele ya maintern na wala usimfuate ofisini na makala mkononi, utajitafutia maadui bure. Tengeneza karatasi moja ya hatua za inhela ya kubonyeza, viboksi vya kutiki, afu siku ya tathmini mwombe yeye kwa heshima zote awe msimamizi mkuu, ashike karatasi, atiki wakati vijana wanaonyesha. Mtu hawezi kutiki watu wanane mfululizo asijue hatua zenyewe. Ukiona bado, mpange mfamasia au nesi wa kliniki ya kifua ndo aonyeshe kwanza siku hiyo kabla ya tathmini kuanza. Kuna utafiti wa Toronto wa 1994 ambao wataalamu wa tiba ya upumuaji waliwaacha madaktari mbali sana kwenye kuonyesha inhela, kwa hiyo kukaa nyuma ya nesi siyo aibu. Karatasi yako ukishaiandika nitumie niipitie kabla hujaitoa kopi.